Goli la Aziz Ki na swali la baba

Tarehe 5 Aprili 2024 ilikuwa Ramadhani. Hapa London tulikuwa tumeshafuturu, sambusa mbili zimebaki kwenye sahani, na baba amesogea karibu na tivii utadhani anataka kuingia ndani. Yanga walikuwa Pretoria kucheza na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza, Dar, iliisha 0-0, na hii nayo ilikuwa bado 0-0. Kipindi cha pili Aziz Ki akaachia shuti. Likagonga mtambaa wa panya, likadunda chini, likatoka. Baba akaruka. Refa akapeta.

VAR ilikuwepo, lakini refa hakwenda kutazama skrini, na goli halikukubaliwa. Sundowns wakapita kwa penalti, 3-2.

Mimi nikajifanya msomi. Nikamwambia, "Baba, sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Hiyo kamera haijakaa sawa na mstari, inaweza kudanganya." Hakunijibu. Akachukua chai yake akaenda chumbani. Tumebishana mpira maisha yetu yote, ila kuondoka hivyo sijawahi kumwona.

Kesho yake akaniuliza swali moja tu: "Na lile la Wembley, picha yake ilikuwa sawa?"

Basi nikarudi kwenye historia. Tarehe 30 Julai 1966, fainali ya Kombe la Dunia, Uingereza na Ujerumani Magharibi wako 2-2 katika muda wa nyongeza. Geoff Hurst anapiga, mpira unagonga mwamba, unadunda karibu na mstari. Refa Gottfried Dienst kutoka Uswisi hana uhakika, anamfuata mshika kibendera, Tofiq Bahramov wa Azerbaijan. Bahramov anasema goli. Mechi ikaisha 4-2, na Wajerumani wanalipinga mpaka leo. Kule Baku, uwanja mkubwa wa mpira umepewa jina la Bahramov.

Miaka 44 baadaye kibao kikageuka. Tarehe 27 Juni 2010, Bloemfontein, Ujerumani wanaongoza 2-1. Frank Lampard anapiga, mpira unagonga mwamba na kudunda ndani kabisa, kila mtu anauona isipokuwa waamuzi. Uingereza wakafungwa 4-1. Sepp Blatter, rais wa FIFA, akaomba radhi. Julai 2012 wasimamizi wa sheria za soka wakaruhusu teknolojia ya mstari wa goli, na 2013 Ligi Kuu ya Uingereza ikaanza kuitumia. Kamera zinaufuata mpira, ukivuka tu saa ya refa inampa ishara ndani ya sekunde moja. Hakuna wa kuzongwa.

Pretoria mashine hiyo haikuwepo. VAR inategemea picha za kamera za matangazo, na kama hakuna iliyokaa sawa na mstari, mtu ndiye anayeamua kwa macho yake, kama Bahramov. Yaani mwaka 2024 Yanga walihukumiwa kwa vifaa vinavyokaribia vile vya 1966.

Nilipomweleza baba haya yote, akatulia kidogo. "Mwingereza akilia, wanamletea mashine," akasema. "Sisi tukilia, mwanangu mwenyewe ananiambia picha inadanganya."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Hoja yangu ya kamera ilikuwa sahihi, na hata leo siwezi kuapa kwamba mpira ule ulivuka wote. Siamini pia kwamba refa alinunuliwa, kama anavyodai mjomba. Lakini mimi nimekulia kwenye ligi ambayo ubishi wa mstari unaisha kwa sekunde moja, nikamhukumu baba kama vile na yeye anayo mashine hiyo.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Sawa, lakini lilikuwa goli." Safari hii sikubisha.