Komenti za Mjomba

Faili inaitwa "Historia ya Jamii FINAL FINAL 3". Usinicheke, najua hata wewe uko nayo ya aina hiyo. Ina kurasa 41 kuhusu watu wetu wa Zombe, kule Kitui mashariki, na pembeni mwa kurasa hizo kuna komenti 112. Zaidi ya nusu ni za mjomba wangu, ambaye tulimzika mwaka jana.

Mwezi uliopita nilipeleka faili hiyo saiba mjini Kitui ichapwe. Kijana wa pale aliifungua, akatazama ile safu ya vijisanduku upande wa kulia, akaniuliza, "Sista, nikutolee hizi takataka?" Ni kubofya mara moja tu. Kidole kilikuwa tayari kwenye mausi.

Nikamwambia angoje kwanza.

Mjomba alikuwa mwalimu mstaafu. Mwaka 2020, Nairobi ilipofungwa kuanzia Aprili kwa sababu ya korona, sikuweza kwenda nyumbani, basi nikamfundisha kwa simu: chagua sentensi, bofya, andika. Kumbe nimempa kalamu nyekundu upya! Kila komenti hubeba jina la aliyeiandika na saa aliyoiandika, na nyingi za mjomba ni za saa kumi alfajiri. Mzee alikuwa halali.

Mfano. Wakamba hupa njaa majina, na watu wetu huhesabu miaka kwa majina hayo. Nilikuwa nimeandika kwamba susu alihama wakati wa Nikw'a Ngwete, mwaka 1984. Jina hilo maana yake ni "ninakufa nikiwa nimeshika": pesa iko mkononi, chakula cha kununua hakuna. Mjomba akaandika: "Hapana. Ilikuwa 1980. Nakumbuka foleni ya mahindi ya manjano." Mama mkubwa, dada ya mama, akamjibu hapo chini: "Foleni unayosema ni ya 1984, na wewe hukuwa Zombe." Wakaendelea hivyo komenti kumi na mbili. Walioandika vitabu nao hawajakubaliana. Wengine husema 1980, wengine 1984. Lakini ningechapa ukurasa msafi, ungebaki mwaka mmoja tu, umekaa kitako kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuubishia.

Pale saiba nilimkumbuka Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake hayakutufikia kwa mkono wake. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka, na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, akayaandika pamoja na maelezo: neno hili maana yake nini, shairi hili linamlenga nani. Karatasi hizo ziko London, katika chuo cha SOAS. W. Hichens alipotoa diwani huko Johannesburg mwaka 1940, ndizo alizotegemea. Bila maelezo hayo, sehemu kubwa ya Muyaka ingekuwa mafumbo matupu kwetu. Mafundi wa Word walilijua jambo hili kwa namna yao, maana kabla ya toleo la 1997 komenti ilikuwa na jina la kisomi zaidi, lilelile la maelezo yanayoandikwa pembeni mwa vitabu vya kale. (Ukitaka kuona kitu, chukua nakala ya faili ya .docx yenye komenti, ibadilishe jina iwe .zip, uifungue. Ndani utakuta komenti zimehifadhiwa katika faili yao wenyewe, kando na hadithi.)

Tena Word haitunzi maneno yaliyoongezwa peke yake. Ukiiamuru, hutunza hata yaliyofutwa. Oktoba 2005, mpelelezi wa Umoja wa Mataifa, Detlev Mehlis, alitoa ripoti kuhusu mauaji ya Rafik Hariri wa Lebanon. Nakala ya kompyuta iliyofikia waandishi wa habari ilikuwa bado na alama za mabadiliko. Wakasoma majina yaliyokuwa yameondolewa, likiwemo la kaka na la shemeji wa Bashar al-Assad, aliyekuwa Rais wakati huo.

Sisi pia tuna jina moja lililofutwa. Ukurasa wa 17.

Hapo nimeandika kuhusu Ngomanisye, njaa kubwa ya miaka ya 1898 na 1899, ambayo ndui iliifuata. Familia nyingi za Ukambani ziliweka wasichana rehani kwa watu waliokuwa na chakula. Kwetu aliyetolewa ni dada mkubwa wa mamake susu. Alipelekwa upande wa Mlima Kenya, hakurudi. Susu alinitajia jina lake, nikaliandika.

Mjomba akalikata. Mstari mwekundu katikati ya jina, na komenti, saa kumi na dakika tano alfajiri: "Ondoa. Watoto watauliza alibadilishwa kwa vibuyu vingapi vya mtama." Mama mkubwa: "Wacha waulize. Mama alikuwa akilitaja kila jioni, sasa wewe unalifuta?" Mjomba hakujibu. Kisha mtu fulani, sijui ni nani kati yetu, akabofya kile kitufe cha kusema mjadala umekwisha, na komenti zote mbili zikafifia, zikawa kijivu.

Nilimwambia kijana achape kila kitu kama kilivyo. Word ikichapa pamoja na komenti hubana ukurasa, maandishi yakawa madogo kama ya chupa ya dawa. Mama mkubwa aliomba nakala hiyo, akatafuta miwani, akaenda moja kwa moja ukurasa wa 17.

"Huu mstari," akaniuliza, "unatoka?"

Nikamweleza kuna vitufe viwili. Ukikubali, jina linapotea. Ukikataa, mstari unapotea na jina linabaki. Aliyeukata hayupo wa kuulizwa.

Mkutano wa jamii ni Agosti. Bado sijabofya.