Kutoka Desdemona hadi Bi. Moore: Peggy Ashcroft na Sura ya Himaya

Historia ya uigizaji inakabiliwa na kikwazo ambacho historia ya fasihi andishi haina. Mhakiki wa tamthilia huweza kulirudia andiko wakati wowote. Mhakiki wa uigizaji huachiwa picha chache, tahakiki za magazetini na kumbukumbu za watazamaji, ambao nao huaga dunia. Ndiyo sababu wengi wamjuao mwigizaji wa Kiingereza Peggy Ashcroft humjua kwa filamu alizozicheza uzeeni, ilhali sehemu kubwa ya kazi yake, kwa muda wa zaidi ya nusu karne, ilikuwa ya jukwaani. Makala haya yanashikilia kwamba filamu hizo haziwezi kufasiriwa ipasavyo bila kurejelea onyesho moja la mwaka wa 1930.

Ashcroft alizaliwa Croydon, kusini mwa London, tarehe 22 Desemba 1907. Babake aliuawa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mamake alikuwa mwigizaji wa ridhaa, na huenda mapenzi ya jukwaa yalianzia hapo. Akiwa na umri wa miaka 16 aliingia chuo cha Elsie Fogerty, kilichokuwa ndani ya jengo la Royal Albert Hall, na miongoni mwa wanafunzi wenzake alikuwamo Laurence Olivier. Wawili hao walituzwa kwa pamoja kwa kuigiza sehemu ya tamthilia ambayo msomaji wa Kiswahili anaifahamu kwa jina la Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka wa 1969. Mnamo 1926 Ashcroft alianza kazi rasmi mjini Birmingham.

Tarehe 19 Mei 1930, katika ukumbi wa Savoy, London, alitokea kama Desdemona mkabala na Othello wa Paul Robeson, Mmarekani mweusi. Tangu enzi za Ira Aldridge katika karne ya 19, Othello wa majukwaa makuu ya London alikuwa kwa kawaida mzungu aliyejipaka rangi. Utoaji wenyewe haukuwa mwema sana. Maurice Browne, aliyeugharamia na pia kuigiza Iago, alishutumiwa na wahakiki, na wengi walilalamikia mwanga hafifu wa jukwaani. Lakini Ashcroft, wakati huo akiwa na umri wa miaka 22, alisifiwa. Lililo muhimu zaidi kwa historia ni yale yaliyotukia nje ya andiko. Mwaka uliotangulia Robeson alikuwa amekataliwa huduma katika mkahawa mmoja wa London kwa ajili ya rangi yake. Katika mazoezi, kama alivyosimulia mwenyewe, alikuwa akirudi nyuma kila Desdemona alipomkaribia, kwa kuwa malezi ya Marekani yalikuwa yamemfunza hatari ya mtu mweusi kumgusa mwanamke mzungu. Ashcroft naye aliandikiwa barua za chuki na vitisho. Ama kwa hakika, binti aliyedhani kwamba anaigiza tamthilia ya wivu alijikuta ndani ya mzozo wa kisiasa, na baadaye alikiri kuwa tajriba hiyo ndiyo iliyomfumbua macho. Marekani haikumpokea Robeson katika nafasi hiyo hadi miaka ya 1940.

Hapa inafaa kugusia jambo moja lihusulo Afrika Mashariki. Robeson alibaki London, akajifunza Kiswahili katika chuo cha taaluma za Mashariki, na katika filamu ya Sanders of the River ya mwaka wa 1935 alishiriki pamoja na Jomo Kenyatta, aliyekuwa mmoja wa waigizaji wa kujazia umati. Robeson aliijutia filamu hiyo kwa jinsi ilivyoutukuza ukoloni. Kwa hivyo, hata msanii mwenye msimamo thabiti aliweza kutumiwa na kamera kwa madhumuni asiyoyataka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya Shakespeare, Chekhov na Ibsen. Mwaka wa 1935 alikuwa Juliet huku Olivier na John Gielgud wakibadilishana nafasi za Romeo na Mercutio. Kilele cha jukwaani, hata hivyo, kilikuja Stratford mwaka wa 1963 katika The Wars of the Roses, iliyoelekezwa na Peter Hall na John Barton, ambamo alimwigiza Margaret wa Anjou kutoka ujana wake hadi ukongwe wa mwanamke mwenye kulaani, katika mfululizo wa tamthilia tatu. Alikuwa na umri wa miaka 55. Mwigizaji aliyezoeleka kwa upole alidhihirisha kwamba upole huo ulikuwa ni uteuzi wa kisanaa, wala haukuwa mpaka wa kipaji chake. Mwaka uliofuata, 1964, Olivier alijipaka rangi nyeusi akaigiza Othello, na wengi wakamsifu, kana kwamba Robeson hakuwahi kupita.

Filamu zake hazikuwa nyingi, lakini zilizo mashuhuri zaidi zina jambo linalozihusisha: himaya. Katika The Nun's Story (1959), iliyopigwa kwa sehemu katika Kongo ya Wabelgiji miaka miwili tu kabla ya uhuru, ndiye mkuu wa watawa huko Kongo. Katika The Jewel in the Crown, mfululizo wa televisheni wa 1984, ni Barbie Batchelor, mwalimu wa misheni ambaye akili inamtoka huku utawala wa Waingereza nchini India ukisambaratika. Mwaka huohuo akawa Bi. Moore katika A Passage to India ya David Lean, nafasi iliyompa tuzo ya Oscar akiwa na umri wa miaka 77.

Bi. Moore anastahili kutazamwa kwa makini. Anavua viatu msikitini, anazungumza na Aziz kama mtu na mwenzake, kisha Aziz anaposhtakiwa, yeye anapanda meli na kufia baharini. Nje ya mahakama umati wa Wahindi unaliimba jina lake kama la mwokozi, ilhali hakumwokoa yeyote. Mwigizaji wa kawaida angeuficha upungufu huo kwa tabasamu la bibi mwema. Ashcroft anaucheza waziwazi kama uchovu, karibu na ukaidi: wema wa mtu mmoja ndani ya mfumo dhalimu unafika ukomo, na uso wake unaujua ukomo huo. Hata hivyo, katika filamu hiyohiyo Profesa Godbole, Mhindu, anachezwa na Alec Guinness, Mwingereza aliyepakwa rangi ya kahawia. Miaka 54 baada ya Savoy, Desdemona wa Robeson alikuwa amewekwa tena kando ya uso uliopakwa. Heshima aliyostahili Ashcroft haiondoi dosari hiyo, na mhakiki anayeitaja Oscar bila kumtaja Godbole ameandika nusu ya historia.

Ashcroft alifariki London tarehe 14 Juni 1991. Othello ya Robeson iliyochezwa New York kuanzia 1943 ilirekodiwa katika sahani za santuri. Sauti ya Desdemona inayosikika humo ni ya Uta Hagen.