Jitu na Figo Zake

Riwaya yangu ya kwanza imenisumbua kwa sababu moja: kila shujaa nilimpa kifua kipana, basi, nikadhani nimemaliza kazi. Aliyenisuta ni Jonah Lomu.

Tarehe 18 Juni 1995, mjini Cape Town, kijana huyu wa New Zealand, mwana wa Watonga, aliifunga Uingereza trai 4 peke yake katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga. Beki Mike Catt alisimama njiani. Jamaa akamkanyaga, akapita kama lori lililokatika breki. Matokeo 45-29. Lomu alikuwa na miaka 20 tu.

Fainali walishindwa na Afrika Kusini, 15-12. Lakini Agosti hiyo hiyo raga, iliyokuwa imekataza mishahara miaka nenda miaka rudi, ikaruhusu wachezaji walipwe. Sura ya biashara hiyo mpya ikawa ya Lomu.

Kumbe! Mwishoni mwa mwaka ule ule madaktari waligundua figo zake zinaugua. Akacheza hivyo hivyo. Kombe la 1999 alifunga trai 8. Hadi 2002 alikuwa ameichezea nchi yake mechi 63 na kufunga trai 37. Mwaka 2004 akapandikizwa figo ya rafiki yake. Alifariki 18 Novemba 2015, miaka 40.

Sisi tulishangilia lori. Dereva alikuwa mgonjwa. Vijana wenzangu wa kalamu, tumwandike dereva.