Uhifadhi wa kanda, mafunzo ya (Migori na Homa Bay)

Atachimenti (mafunzo ya kazini) ambamo mwanafunzi wa habari au ukutubi hujifunza kuokoa kumbukumbu za sauti na picha. Kaunti hizi mbili, zilizokuwa wilaya moja ya South Nyanza, zina vyuo vikuu vya umma vya Rongo na Tom Mboya. Hifadhi kubwa ziko mbali: ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) iko Nairobi, na nyimbo za Kiluo alizorekodi mtafiti wa muziki Hugh Tracey zimo Afrika Kusini, katika ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha 1954.

Kazi huanza na usafi. Kichwa cha deki hupanguswa kwa pamba yenye spiriti. Kaseti iliyolala miaka huzungushwa hadi mwisho na kurudishwa kabla ya kuchezwa, isije ikakwama. Yenye kuvu, adha ya unyevunyevu wa Ziwa Victoria, hutengwa na nyingine. Kisha sauti hunakiliwa kwenye kompyuta: nakala ya kudumu huwa WAV ya biti 24. MP3 ni ya kusikiliza tu.

Ugumu hasa uko kwenye maelezo ya kila kanda. Katika muziki wa nyatiti, ala ya nyuzi nane, wasikilizaji hukatiza kwa pakruok, yaani majigambo yanayotaja watu, koo na vijiji. Hapo anayejua Kiluo ana thamani kuliko mashine yoyote, kwani bila majina hayo faili haitafutiki.

Kunakili hakumpi mwanafunzi haki ya kusambaza: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50.