Hadithi ya Kuchekesha Si Upuuzi

Somo la historia kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Pemba

Kaeni vizuri, kitabu mbele, taa karibu.

Leo hatusomi habari za mbolea, wala za kuchemsha maji ya kunywa. Hizo tumezisoma, na tutazisoma tena. Leo tutasoma historia ya kitu ambacho kila mmoja wenu anakipenda, ila wengine wanaona haya kusema. Kitu hicho ni hadithi ya kuchekesha: hadithi ya mume na mke, ya mkwe na mkwewe, ya kijana aliyependa asipendwe, ya jirani mjanja aliyemzidi tajiri akili.

Tuseme yuko mwenzetu mmoja wa darasani. Mchana kutwa amechuma karafuu. Usiku amerudi, amekula, amefungua kitabu cha hadithi, naye anacheka peke yake. Mtu wa nyumbani anamwuliza, "Miezi yote hii unakwenda kisomoni ili uje usome upuuzi?" Mwenzetu anaona haya. Anakifunga kitabu. Kesho hakifungui, wala kesho kutwa. Mwaka ukipita, herufi zinaanza kumkimbia, na barua ya mwanawe inabidi asomewe na jirani kama zamani.

Je, yule aliyemkemea alikuwa na haki? Hilo ndilo swali letu la leo. Tusilijibu kwa haraka. Tuiulize historia kwanza.

HADITHI KABLA YA KITABU

Nyote mnajua kwamba Pemba ni kisiwa cha karafuu. Mwaka 1872 tufani kubwa ilivunja mikarafuu mingi sana ya Unguja. Pemba haikupata hasara kama ile, na tangu wakati huo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Kazi ya karafuu haiishi mtini. Zikishachumwa ni lazima zichambuliwe, yaani zitolewe makonyo, halafu zianikwe juani. Mikono inachambua, lakini mdomo hauna kazi. Kwa hiyo mahali pa kuchambua karafuu ndipo mahali pa maneno: habari za mjini, vitendawili, na hadithi.

Nyumbani nako, usiku, bibi akisema "Paukwa!" watoto huitika "Pakawa!" Basi hapo mtoto mwenye njaa huisahau njaa yake kidogo, na mama aliyechoka husikiliza huku akijifanya hasikilizi. Hadithi hizo hazikumlipa mtu deni, wala hazikumwezulia mtu nyumba na kuiezeka upya. Lakini watu waliziomba kila usiku. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyechoka anataka kutoka katika taabu zake kwa muda, apumue, kisha arudi.

Na msidhani kwamba wazee wetu wote walikuwa watu wa kukunja uso. Pemba ilikuwa na malenga wawili mashuhuri, Kamange na Sarahani bin Matwar, walioishi katika karne ya 19 na kuingia karne ya 20. Kamange alisifika kwa mashairi ya mapenzi na ya mizaha. Watu waliyahifadhi moyoni na kuyapokezana kwa miaka mingi. Mwaka 2011 mashairi ya malenga hao yalipigwa chapa huko Dar es Salaam katika kitabu kiitwacho "Kale ya Washairi wa Pemba". Mashairi yasiyopendwa hayadumu vinywani kwa miaka mia.

HADITHI ZAINGIA KITABUNI

Kusoma si jambo geni hapa kwetu. Vyuo vya Kurani vilikuwapo zamani sana, na wengi waliosoma humo waliweza kuandika hata Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa "hujui kusoma" pengine alijua kusoma, ila si kwa herufi hizi tunazojifunza sasa. Kitu kilichokuwa kigeni ni hadithi za kufurahisha zilizopigwa chapa kwa herufi za Kizungu.

Mwaka 1864 alifika Unguja padri mmoja Mwingereza, jina lake Edward Steere. Alitaka kujifunza Kiswahili. Akakaa na wenyeji, wakamsimulia hadithi, naye akaziandika. Mwaka 1870 zilitoka London katika kitabu kimoja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Lengo la Steere lilikuwa lugha. Lakini wale waliomsimulia walichagua hadithi walizozipenda wao, na nyingi zao ni za kuchekesha.

Moja ni ya Mwalimu Goso, aliyesomesha watoto chini ya mti. Buyu likaanguka, likampiga kichwani, akafa. Wanafunzi wakatoka kumtafuta mkosa. Wakaukamata upepo wa kusi, kwa kuwa ndio uliotikisa mti. Upepo ukajitetea: ungekuwa na nguvu, usingezuiwa na ukuta. Wakaenda kwa ukuta. Ukuta ukasema kwamba ungekuwa na nguvu, usingetobolewa na panya. Panya akamtaja paka, na paka akataja kitu kingine, hivyo hivyo, mpaka mwisho wakamfikia paa, ambaye alipanda mtini kuiba matunda. Paa kupanda mti! Hapo kila msikilizaji hucheka. Lakini akishacheka, huanza kuwafikiria watu anaowajua, ambao kila ukiwauliza kosa ni la nani, wao humtaja mwengine.

Mnaona basi? Hadithi haikuhubiri. Ilichekesha tu, na maana ikaja yenyewe nyuma yake, kama mtoto amfuatavyo mama yake sokoni.

ABUNUWASI NA BIBI ALIYEOKOLEWA NA HADITHI

Nani hamjui Abunuwasi? Abu Nuwas alikuwa mtu wa kweli, mshairi wa Baghdad, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Lakini Abunuwasi wetu wa pwani ni mtu wa hekaya. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na sufuria ndogo, akasema, "Imezaa." Jirani akafurahi akapokea zote mbili. Baadaye Abunuwasi akaazima tena, asirudishe. Alipodaiwa akasema, "Imekufa." Jirani akapiga kelele kwamba sufuria haifi. Abunuwasi akamwuliza ilikuwaje akakubali kwamba inazaa. Hekaya hizi zilipopigwa chapa kwa Kiswahili, watoto wa skuli walizisoma, na wazazi wasiojua herufi wakawaambia, "Hebu tusomee sisi nasi."

Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilitoka kwa Kiswahili baadhi ya hadithi za Alfu Lela Ulela, maana yake usiku elfu na moja. Humo mna mfalme aliyeoa mke kila usiku na kumwua asubuhi. Akaja Shahrazadi. Yeye hakushika upanga. Alimsimulia mfalme hadithi, na alfajiri ilipofika aliikatiza mahali patamu. Mfalme akataka kujua mwisho, akamwacha hai mpaka usiku wa pili. Ikawa hivyo usiku baada ya usiku, hata hasira ikamtoka. Ndugu zangu, atakayesema hadithi ni kitu cha bure, mkumbusheni bibi huyu.

Na tangu mwaka 1923 lilikuwapo gazeti la Mambo Leo, lililotolewa Dar es Salaam na serikali ya Tanganyika. Lilikuwa na habari za kilimo na afya, lakini pia mashairi na hadithi. Watoaji wake walijua kwamba mtu hukubali kusoma habari za shamba akiwa na tamaa ya kufika kwenye ukurasa wa hadithi.

MTU WETU WA VISIWANI

Sasa tumfikie mwandishi aliyetufungulia mlango mpana zaidi. Jina lake ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mwandishi wa magazeti. Katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958, yaliyofanywa na East African Literature Bureau, alishinda nafasi ya kwanza. Kitabu chake, "Mzimu wa Watu wa Kale", kilitoka mwaka 1960. Ndani yake yumo Bwana Msa na kiko chake mdomoni, mtu mtulivu anayefumbua mafumbo, pamoja na rafiki yake Najum. Wasomaji wa Kiingereza watamkumbuka Sherlock Holmes. Lakini Bwana Msa ni mtu wa kwetu: anajua adabu ya kubisha hodi, anajua ndoa na talaka, anajua siri zinazofichwa chini ya kanga na kanzu.

Vikafuata "Kisima cha Giningi" mwaka 1968, "Duniani Kuna Watu" mwaka 1973, "Siri ya Sifuri" mwaka 1974, na "Mke Mmoja Waume Watatu" mwaka 1975. Tazameni jina la hicho cha mwisho. Hata kabla hujakifungua, umekwisha tabasamu, na unataka kujua mambo hayo yamewezekanaje. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi ya namna hii. Inakushika mkono na kukuvuta ndani. Humo utakuta mapenzi, wivu, urithi, na maneno matamu ya Kiswahili cha visiwani.

LAWAMA HAZIKUANZA KWETU

Huko Uingereza nako, zamani, wazee walilalamika kwamba hadithi za mapenzi zitaharibu akili za wasichana. Wakati huo huo, mwaka 1813, mwanamke mmoja, Jane Austen, alitoa kitabu kiitwacho "Pride and Prejudice". Kinasimulia nyumba yenye binti watano wasioolewa, na mama yao hana raha mchana wala usiku mpaka wapate waume. Je, mama kama huyu hayuko Wete? Hayuko Chake Chake? Hayuko Mkoani? Kitabu hicho kimepita miaka 200, na watu bado wanakisoma na kucheka. Lawama za wazee wale zimesahauliwa.

TURUDI KWENYE SWALI LETU

Yule aliyemkemea mwenzetu ana hoja, tusimdharau. Waswahili husema, kazi mbaya si mchezo mwema. Mtu akisoma hadithi mpaka karafuu zinalowa mvua uwanjani, amekosa. Hadithi ni mahali pa kupumzikia, si mahali pa kuhamia.

Lakini kuna jambo asilolijua. Katika mradi mkubwa wa kisomo uliofanywa Mwanza kati ya mwaka 1968 na 1972, watu wazima walifundishwa kusoma kwa vitabu vya kazi zao: pamba, ndizi, uvuvi, ng'ombe. Vitabu hivyo vilikuwa na faida. Lakini mtu huvisoma mara ngapi? Akishajua namna ya kupanda pamba, anafunga kitabu. Na kusoma ni kama jembe. Lisipotumiwa hushika kutu. Mtu anayetaka kujua kama binti ataolewa na yule ampendaye hahitaji mwalimu wa kumwambia afungue ukurasa wa pili. Ataufungua mwenyewe. Atasoma kurasa 10, halafu 20, na jicho lake litazoea maneno bila yeye kujua kwamba anajifunza. Kesho akipewa karatasi ya mzani wa karafuu au barua ya hospitali, ataisoma mbio.

Faida ya pili ni ya moyo. Aliyecheka usiku kwa kisa cha mume mkaidi wa kitabuni, asubuhi humtazama mumewe mkaidi kwa jicho la huruma zaidi. Pengine hata hujitambua kwamba mkaidi ni yeye mwenyewe.

Basi, ndugu mwanafunzi, ukikutwa unacheka na kitabu mkononi, usikifunge. Mwambie aliyekukuta, "Kaa hapa, nikusomee." Soma ukurasa mmoja kwa sauti, kisha nyamaza mahali patamu, kama alivyofanya Shahrazadi. Utaona nani atakayesema, "Endelea."

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Pemba iliongoza kwa karafuu baada ya mwaka 1872?
2. Hadithi ya Mwalimu Goso inachekesha wapi? Na maana yake ni nini kwako?
3. Shahrazadi alijiokoaje?
4. Wewe unakubaliana na nani, na mwenzetu aliyecheka au na aliyemkemea? Toa sababu.

KAZI YA NYUMBANI

Mwombe mzee mmoja akusimulie hadithi moja ya kuchekesha. Iandike kwa mistari 10, uilete darasani, uwasomee wenzako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.