Safu ya Lugha: Kuhuisha si Kusasisha

Kijana mmoja mbunifu wa tovuti aliniambia juzi kwamba "ameuhuisha" ukurasa wa duka la nguo. Nikaufungua nikitarajia kuona kitu kikijongea. Nikakuta bei mpya tu. Huko ni kusasisha, neno lililozaliwa na "sasa". Kuhuisha kumetoka kwenye "hui", lenye asili ya Kiarabu: kuwa hai. Anayehuisha hutia uhai. Leseni iliyokwisha muda huhuishwa, na hapo sina ugomvi.

Kwa michoro inayojongea, "uhuishaji" ndilo jina zuri kuliko yote, na ninalipenda kwa dhati. Wengi husema "katuni", lakini katuni ya gazetini imetulia tuli, ilhali kitufe kinachobadilika rangi polepole ukikigusa kimehuishwa bila kuwa katuni. Kazi hiyo siku hizi hufanywa na laha za mitindo (CSS), yaani maagizo ya mwonekano wa kurasa za tovuti, zilizoanza kama pendekezo la mtaalamu wa wavuti Håkon Wium Lie mwaka 1994. Mbunifu hutaja hali ya mwanzo, ya mwisho na muda. Kivinjari hujaza hatua za katikati. Basi bei isasishwe, kitufe kihuishwe.