Elimu ya Nafsi na Madhehebu Yake: Hukumu Isitangulie Ufahamu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyemtukuza mwanadamu kwa akili na akamkalifisha kwa sababu ya akili hiyo. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Imamu wa msikiti hapa Likombe, kama walivyo maimamu wenzake wa Mikindani, Msimbati na pwani yote hadi kwenye mdomo wa Mto Ruvuma, huletewa wagonjwa baada ya swala: kijana asiyelala na anayesikia sauti, mama aliyejifungua asiyetaka kumshika mwanawe, mzee anayerudia udhu mara kumi na bado ana shaka. Jamaa huomba dua, ruqya au kombe, na mara nyingi neno la kwanza kutamkwa ni "jini". Maulamaa wa fiqhi wana kanuni mashuhuri: kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Katika makala haya tunaitazama historia ya elimu ya nafsi kwa kanuni hiyo, ili tuone ni wapi ilifuatwa na ni wapi iliachwa.

Nafsi kwa maulamaa wa mwanzo

Qur'ani Tukufu imeitaja nafsi kwa hali zake: yenye kuamrisha maovu katika Surat Yusuf, yenye kujilaumu katika Surat al-Qiyama, na iliyotua katika Surat al-Fajr. Kutokana na msingi huo, na kwa kusoma pia vitabu vya tiba vya Wayunani, wanazuoni wetu walianza mapema kuichunguza nafsi.

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Hoja yake ilikuwa nyepesi lakini nzito: mtu ni mwili na nafsi, kimoja kikiugua huathiri kingine, na tabibu anayetibu kimoja tu ametibu nusu ya mtu. Aliyagawa maradhi ya nafsi katika hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Huzuni nayo aliigawa mara mbili: ile ambayo sababu yake inajulikana, kama msiba au hasara, na ile isiyojulikana sababu, ambayo aliihusisha na mwili na akaiagizia tiba ya mwili. Alishauri pia kwamba mtu ajiwekee akiba ya fikra njema wakati wa uzima, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua.

Ibn Sina (980-1037) alieleza nguvu za ndani za nafsi, kama vile dhana na kumbukumbu. Imam al-Ghazali (1058-1111) katika Ihya alifafanua maana za moyo, roho, nafsi na akili, akafundisha kutibu tabia mbaya kwa kuizoeza nafsi kinyume chake. Na maulamaa hawakuishia vitabuni: hospitali aliyoijenga Ahmad ibn Tulun huko Misri katika karne ya 9 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili.

Madhehebu ya saikolojia

Saikolojia kama fani inayojitegemea huhesabiwa kuanzia mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Yeye na wanafunzi wake walimtaka mtu ajichungulie ndani na kueleza anachokihisi, ili fahamu ichambuliwe sehemu zake. Huko Marekani, William James katika kitabu chake cha mwaka 1890 aliona swali muhimu zaidi ni kazi ya fahamu: inamsaidiaje mtu kuishi? Sigmund Freud wa Vienna akasema lililo kubwa limejificha chini ya fahamu, na kitabu chake cha ndoto kikatoka kwa tarehe ya mwaka 1900. Mwaka 1912 Max Wertheimer na wenzake wa Ujerumani walianza kupinga ule uchambuzi, wakisema kitu kizima ni zaidi ya vipande vyake. Mwaka uliofuata, 1913, John Watson aliyakataa yote ya ndani, akasema elimu hii ichunguze vitendo vinavyoonekana tu.

Msomaji wetu amezoea madhehebu manne ya fiqhi, na pengine atafananisha. Tofauti ni kubwa. Maimamu wetu wanne walikubaliana juu ya asili, yaani Kitabu na Sunna, wakatofautiana katika matawi. Hawa walitofautiana katika asili yenyewe: nini hasa kinachochunguzwa? Kila mmoja alikamata upande mmoja wa mwanadamu, na manufaa yalipatikana, lakini aliyedai kwamba upande wake ndio mtu mzima alihukumu zaidi ya alichofahamu.

Ilipofika kwetu

Katika ardhi yetu elimu hii iliingia na wakoloni. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo cha Lutindi, Usambara, mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani, na baadaye kikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Chini ya Waingereza ikajengwa Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Kwa mtu wa Mtwara, Mirembe ni safari ya takriban kilomita 1,000.

Jirani, katika hospitali ya Mathari, Nairobi, iliyoanza mwaka 1910, daktari Mwingereza J. C. Carothers aliwekwa kuwa msimamizi mwaka 1938 bila ya kuwa amesomea ubingwa wa maradhi ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na humo alimlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 akaiandikia serikali ya Kenya juu ya Mau Mau, na malalamiko ya watu walionyang'anywa ardhi yakageuzwa kuwa kasoro ya nafsi zao. Hapa hukumu ilitangulia ufahamu, na elimu ikawa fimbo ya mtawala.

Lakini dawa ya elimu mbovu ni elimu sahihi. Thomas Lambo wa Nigeria, kuanzia mwaka 1954 huko Aro, Abeokuta, aliwaacha wagonjwa wakae vijijini pamoja na jamaa zao huku wakitibiwa hospitalini, akashirikiana na waganga wa kienyeji. Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, katika hotuba ya mwaka 1975 aliwaonya wanasaikolojia Waislamu wasiwafuate wengine hadi ndani ya shimo la kenge, akiashiria Hadithi mashuhuri. Hata hivyo hakuiacha fani. Alitibu watu kwayo, na baadaye akaitafsiri kwa Kiingereza sehemu ya nafsi ya kitabu cha al-Balkhi.

Imamu na mgonjwa

Tukirudi msikitini, kanuni ile ile inatuhukumu na sisi. Kuamini majini ni katika imani yetu, lakini kusema kwamba huyu hapa ana jini ni madai yanayohitaji dalili. Kuihifadhi akili ni katika makusudio matano ya Sharia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa mwendawazimu mpaka arudiwe na akili, na mafaqihi wakatofautisha wazimu wa kudumu na ule unaokuja na kuondoka. Basi imamu anayeulizwa juu ya talaka iliyotamkwa na mgonjwa hawezi kujibu kabla ya kujua hali yake wakati ule, na hapo ushahidi wa tabibu una uzito. Mzee wa udhu afundishwe kwamba yakini haiondolewi na shaka; akishindwa kuacha, huo ni wasiwasi wa maradhi, na al-Balkhi alishauandikia.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba. Hospitali ya Ligula ipo mjini kwetu, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumpokea mgonjwa na kumlinda. Asomewe Qur'ani, aombewe dua, na apelekwe hospitali. Hakuna katika hayo linalopingana na jingine. Linalodhuru ni kumfunga kamba, kumpiga kwa jina la kutoa jini, au kumchelewesha miezi mpaka maradhi yakomae. Mwenye kulifanya hilo naye amehukumu kabla ya kufahamu, na mgonjwa ni amana atakayoulizwa mbele ya Mola wake.

Wallahu a'lam.